Kiapo cha Houda Komine

Mwanne, jirani wa Buyenzi, anadai kwamba Houda alipaa Alhamisi saa nne asubuhi, siku ya ndoa yake komine, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, na kwamba viatu vyote viwili vilibaki chini. Hapo Mwanne anazidisha. Kilibaki kimoja. Cha pili kilikuwa kimefungwa mkanda mguuni.

Houda ana mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa: maneno yake hutoka polepole, na mkono wake wa kulia huenda unakotaka wenyewe. Sasa, hapa kwetu wanaooana hushika bendera ya taifa kwa mkono wa kushoto, wakainua wa kulia, wakaapa. Houda akashika, akainua. Mkono ukapiga hewa mara tatu, mara nne, ukamnyanyua na gauni lake hadi kwenye feni.

Tajudini, bwana harusi, ambaye ni fundi cherehani, alitazama juu. "Pindo nililikunja vizuri," alisema.

Houda akacheka mpaka feni ikaanza kuzunguka, ingawa umeme ulikuwa umekatika tangu Jumanne. Mashangazi wakasogea kupata upepo. Mwanne akapiga vigelegele.

"Bendera haitoki ofisini," afisa wa ndoa alionya.

"Si iko ndani, chef?" Tajudini akamjibu mkubwa huyo, akapanda kiti, akashika upande wake wa bendera.

Afisa akasoma kitabu. Sheria inataka mkono uwe juu, na mkono ulikuwa juu. Akamwuliza Tajudini kama anakubali. Tajudini akakubali kwa sauti ya mtu anayeuza samaki sokoni. Kisha afisa akamgeukia mama yake Houda.

"Mama, huyu mutoto anakubali?"

"Mutoto gani? Huyo iko na myaka makumi tatu na moja, na kinywa. Muulize!"

"Watu ya namna hii wanasemewaka, mama." Aliyasema kwa upole kabisa. "Baba yake mudogo iko wapi, amusemee?"

Anouar, baba mdogo, alikuwa ametumwa soda.

"Mi... na... ku... ba... li," alisema Houda kutoka juu. Lilikuwa neno refu, vigelegele viwili viliingia katikati, na hata wenye pikipiki barabarani walipiga makofi.

Kalamu ya afisa haikushuka. Bila jina la wa kumsemea, ukurasa ungebaki mweupe na ndoa isingekuwepo.

Houda akainama hewani mpaka shela likagusa kalamu. "Chef," alisema, "uniulize... mi."

Afisa akalisogeza shela pembeni, kwa adabu, akaendelea kutazama mlango, akimngoja baba mdogo.