Alama Nne za Chuma

"Nani alikuchoma hivi, mzee?"

Daktari Nicholas alikuwa amekishika kisigino changu kama fundi aliyeletewa kiatu kibovu. Alikuwa Mkenya, mrefu, mgeni katika nchi yetu hii ya Waarabu, Kiswahili chake cha bara. Juu ya kisigino zilikaa alama nne nyeusi za mviringo, ngozi imekunjana. Mke wangu Masouda alikuwa kwenye kiti cha dirishani, mkoba mapajani. Ilikuwa mwaka 2003.

Jibu nilikuwa nalo. Miezi mitano nyuma, kule mtaa wa Hamriya, tulikuwa tunasukuma gari ya shemeji yangu Suud iliyogoma. Nikasikia mguu umelia pwa! Nikageuka nikidhani mtu kanirushia jiwe. Hapakuwa na mtu. Toka siku ile kisigino hakikunyanyuka tena. Mguu nikawa nauburura.

"Twende hospitali, Baba Yazid," Masouda alinambia siku ile ile. Akanambia tena wiki ya pili, na ya tatu.

"Mguu umeshtuka tu," nikamjibu. "Nimesoma."

Kweli nilisoma. Niliingia skuli ya jioni nina miaka thelathini na sita na watoto watatu, nikatoka na cheti, nikapata meza yangu wizarani. Kitabu cha tiba nilikuwa nacho rafuni; nikakifungua, nikajichagulia ugonjwa uliotaka bendeji na mapumziko. Na miaka yote hiyo nilikuwa nikiwacheka wanaotibiwa kwa wasmu, wanaochomwa chuma cha moto pale panapouma. Wajinga, nikiwaita, mbele za wageni, na Masouda akinikanya nisiwatukane wazee wa watu.

Mwezi wa tatu baada ya kuumia nilipanda teksi peke yangu mpaka Sidab, kwa mzee mmoja Harub, mchomaji wa wasmu, nikamnyooshea mguu.

Masouda aliiona bendeji inavyovuja. Alinisafisha kidonda kwa maji ya chumvi siku kumi na moja. Hakuuliza, wala hakumwambia mtu.

Sasa daktari alikuwa anangoja jibu langu.

"Wanawake wa nyumbani, daktari," nikasema. "Unawajua. Mke wangu ndiye anayeamini mambo hayo."

Nicholas akamgeukia. "Ai, mama! Chuma moto kwa mguu wa mzee? Ungemmaliza!"

Alicheka, bila ubaya. Masouda akafungua mkoba, akaufunga.

"Samahani, daktari. Sitofanya tena."

Daktari akaeleza. Mshipa mnene wa kisigino ulikuwa umekatika, na ncha zake zimeshaachana mno, haziungiki. Kupasua kwa urefu asingethubutu, ngozi ile iliyoungua isingefunga. Angeingia kwa matundu madogo, auchukue mshipa unaokunja kidole gumba cha mguu, auhamishie kisiginoni ufanye kazi ya ule uliokufa.

"Kidole kitapoteza nguvu kiasi," alisema. "Lakini utatembea, mzee."

Nikamsikiliza kwa makini, nikauliza maswali mazuri. Alinisifu kwamba naelewa haraka. Nilifurahi, na hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo: kwamba dakika ile, na Masouda amekaa pale, nilifurahi.

Nikapasuliwa, na kazi ilikuwa safi. Mwezi wa sita baada ya hapo nilipanda ngazi za nyumba yetu ya Darsait bila fimbo. Mwanangu Yazid akaleta halwa, majirani wakaja kunipa mkono. Walipoondoka nilimfuata Masouda jikoni.

"Masouda, siku ile kwa daktari..."

"Khalas," akasema. "Hasal kheir." Yamekwisha, hapana neno. Akaendelea kupanga vikombe.

Miaka thelathini na moja tulikuwa tumesemezana kwa Kiswahili, ugomvi na mapenzi. Kiarabu alikiweka kwa wageni na watu wa idara. Toka siku ya hospitali kikawa changu. Watoto wakija, alicheka nao kwa Kiswahili mpaka machozi. Akinigeukia mimi, Kiarabu, kizuri, cha heshima, hakina kosa. Nilidhani atachoka.

Aliishi miaka sita baada ya hapo. Chai aliniletea kila asubuhi. "Tfaddal," akisema, karibu, kama kwa mgeni anayesubiri kuitwa ofisini. Akaweka kikombe, akaenda zake.