Waliovuka Uwanja

Kwa Mzee Mwigulu chama hakikuwa jambo la kuchagua. Ukizaliwa katika kaya ile, nje kidogo ya Mhunze, utanyonya, utabatizwa, utachunga ng'ombe, na umri wa kupiga kura ukifika utakipigia chama cha baba. Hakuna aliyekuuliza unaonaje, kama ambavyo hakuna aliyekuuliza unaionaje pua yako. Ndiyo maana siku Rhoda alipochukua fomu ya kugombea uenyekiti wa kitongoji kupitia upinzani, habari zilifika nyumbani kabla yeye mwenyewe hajafika.

Na Rhoda hakuwa mtoto. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee. Alikaa machimboni Nyarugusu miaka mingi akiwapikia wachimbaji wa dhahabu, kisha akanunua hisa kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Alipoachana na mumewe, Chacha, alirudi kwao Kishapu na binti yao, Agnetha, akamalizia akiba yake yote kwenye nyumba ya vyumba viwili ndani ya kaya ya baba yake. Kilichomwingiza kwenye siasa ni lambo la kunyweshea ng'ombe. Aliliacha limebomoka ukingo, akalikuta vilevile, na kila uchaguzi viongozi walikuwa wakiliziba kwa maneno.

Mzee Mwigulu akaitisha kikao cha ukoo. Alikaa katikati, mdogo wake Boaz kulia kwake, na Charles, mtoto wake wa kwanza, kushoto. Rhoda alipiga goti, akawaamkia, wakaitikia marahaba kavu kama ya watu waliokopwa.

"Mama Agnetha," baba yake alianza, "nataka kujua kitu kimoja tu. Nani amekulisha maneno haya?"

"Si hao wachimbaji!" Boaz alidakia. "Nyarugusu pale wamejazana watu wa kila pembe, kila mtu na lake."

"Baba mdogo, hao unawaonea," Charles akasema. "Ni Chacha huyo. Chacha alikuwa anabishana hata na redio."

Rhoda alihisi damu inampanda kichwani. Amelisha wanaume wazima, ameamua ugomvi wao, amesimamia mashine usiku na mchana, na bado watu wa kwao wamekaa kwenye viti wakimtafuta mwanamume aliyempandia mawazo kichwani! Chacha mwenyewe hakuwahi hata kupiga kura. Siku za uchaguzi alikuwa akilala.

"Hakuna aliyenilisha," alisema. "Lakini kama ni lazima apatikane mtu, basi ni wewe, Baba."

"Mimi?"

"Wewe. Nani humu ndani haijui hadithi yako ya kuvuka uwanja?"

Hapakuwa na asiyeijua. Usukumani ngoma ina pande mbili, Wagika na Wagalu, na mtoto hufuata upande wa baba yake. Mavuno yakiisha, pande hizo hukutana kwenye uwanja mmoja, kila moja kwenye pembe yake, zikapiga na kuimba kwa wakati mmoja. Watazamaji wakimiminikia upande huu, umeshinda. Baba yake Mzee Mwigulu alikuwa Mgalu kindakindaki. Mwigulu, kijana ambaye hata ndevu zilikuwa hazijamwota, siku moja katikati ya mashindano alijitwika ngoma yake begani akauvuka uwanja kwenda kwa Wagika, baba yake akitazama. Alisema mdundo wao ndio uliomwingia mwilini. Baadaye akawa manju wao, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na kisa hicho alikisimulia harusini, msibani na kwenye pombe, kidevu kikiwa juu.

"Umetusimulia tangu tukiwa wadogo," Rhoda akaendelea. "Na kila ukifika pale unapovuka, unainuka kwenye kiti. Ulidhani tulikuwa tunajifunza nini, Baba?"

Mlangoni, mama yake, Mama Charles, aliziba mdomo kwa kanga. Mzee Mwigulu alimwona.

"Ile ilikuwa ngoma," akasema kwa ukali. "Hii ni siasa."

"Babu naye alikwambia kwamba ule ulikuwa ukoo, si ngoma."

Mzee Mwigulu akasimama, na safari hii hakusimama kwa ajili ya hadithi. "Sikiliza. Jumapili ukipanda jukwaani kwenye mkutano wako wa kampeni, Jumatatu uhamishe masufuria yako. Katika kaya yangu hakuna kura mbili."

Rhoda aliifikiria nyumba yake, bati lake jipya, na kwamba hakuwa na pengine pa kwenda. Aliogopa, tena sana. "Nitapanda," akasema.

Sasa, mkutano bila ngoma kule ni mazishi. Wapigaji wote wa karibu walikuwa Wagika, watu wa baba yake, na hakuna hata mmoja aliyethubutu. Rhoda akamwendea Mzee Donatus, manju wa Wagalu. Mama yake aliposikia, aliketi chini palepale jikoni.

"Mwanangu, upinzani tungekusamehe," alisema. "Lakini Wagalu?"

Jumapili ilipofika, Donatus na watu wake walijipanga upande wa mashariki wa uwanja wa mnada. Hawajamaliza hata kukaza ngozi za ngoma, Mzee Mwigulu akatokea magharibi na kikosi kizima cha Wagika, njuga miguuni. Mtendaji wa kijiji alimkimbilia kumwambia kwamba leo ratiba si ya chama chake. Mzee akamjibu kwamba yeye hana mkutano, anapiga ngoma yake tu, na ngoma haina ratiba.

Basi pakachimbika. Rhoda akasema lambo, Wagika wakamjibu kwa wimbo wa bata asiyejua kuogelea. Donatus akajibu kwa wimbo wa jogoo mzee anayewikia mayai ya wenzake. Watu wakawa wanakimbilia huku, wanarudi kule, wakicheka mpaka machozi. Rhoda alianza kuonja ushindi. Upande wake ulikuwa unajaa.

Hapo ndipo Agnetha alipomvuta mkono. Alikuwa anasomea ukunga, na mwaka huu ndio kwanza angepiga kura.

"Mama, nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na watu. Kura yangu nampa mgombea wa kina babu."

"Nani amekulisha maneno hayo?"

Neno lilishatoka. Rhoda alilisikia kwa masikio yake mwenyewe, sauti ileile ya baba yake, na aibu ikamchoma kuliko hasira. Agnetha alijifunga kanga vizuri, akaanza kuuvuka uwanja.

Ngoma za mashariki zikafifia, za magharibi nazo zikanyamaza. Mzee Mwigulu akafungua mikono. "Njoo, ng'wanone!" akaita kwa Kisukuma, akimwita mwanangu. "Mmeona? Damu haipotei!"

Agnetha alipiga goti mbele yake. "Shikamoo, Babu. Sikuja kwa sababu ya damu. Mgombea wenu amesema atapigania chumba cha kujifungulia pale zahanati, na mama hajakitaja hata mara moja. Mkitudanganya, nitavuka tena." Akainuka. "Na kama kesho unamhamisha mama, sisubiri. Navuka kurudi kwake leo hii, mbele ya watu wote hawa."

"Manju, umepatikana!" mtu akapiga kelele, na uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko.

Mzee Mwigulu alisimama na fimbo yake ya ngoma mkononi. Alimtazama mjukuu wake, akautazama ule uwanja ambao ujanani aliuvuka mwenyewe, kisha akamtazama Rhoda aliyekuwa ng'ambo. Mdomo ulimcheza.

"Masufuria yabaki!" akanguruma. "Simfukuzi! Nitamshinda, na atapikia hapohapo kwangu huku ameshindwa!"

Rhoda alishika kipaza sauti.

"Agnetha!" aliita. "Hakuna aliyekulisha. Nimekusikia, na chumba cha kujifungulia nitakitaja leo. Na wewe, Baba, ulimshinda babu. Mimi jaribu!"

Akamgeukia Donatus, ambaye bado alikuwa ameinua fimbo hewani hajui la kufanya.

"Tuwajibu wote?" mzee yule akanong'ona. "Hata binti yako?"

"Hasa huyo," alisema Rhoda. "Piga."