Mtambo wa Mvua na Ratiba ya Chifu

Ednah alikuwa amemchoka Chifu Njagi kabla hata mtambo haujaletwa. Huyu alikuwa mtu ambaye hata akija matangani, maiti ilibidi ingoje kwanza ijulikane yeye atakaa kiti gani. Basi mwaka ule wa mvua za El Nino, mradi fulani wa wazungu ulipoleta lori lenye mtambo wa kuona mvua, Chifu alivimba kichwa utadhani mawingu yenyewe yameandikwa kazi ofisini kwake.

Lori liliegeshwa kando ya uwanja wa kijiji, kule chini ya soko la Karurumo. Juu yake lilizunguka dishi kubwa jeupe, na ndani mlikuwa na skrini iliyoonyesha mvua papo hapo inaponyesha: kijani kwa manyunyu, nyekundu kwa ile ya kuvunja mabati. Vincent, kijana wa Nkubu aliyeuendesha mtambo, aliwaeleza akina mama waliompelekea chai. Huku chini jua linaweza kuwaka, alisema, na huko mlimani kunamwagika. Maji yatawafikia bila nyinyi kuona hata tone. Hayo waliyajua tangu utotoni. Ambacho hawakuwahi kujua ni lini, na sasa kulikuwa na mtu wa kuwaambia mapema watoe watoto na mifugo mtoni. Ednah alilielewa jambo hilo kikombe cha chai kikiwa bado mkononi.

Kwa Chifu lilikuwa gumu zaidi. Mtambo ambao haujazinduliwa na mgeni wa heshima, alisema, haujaanza kazi, hata kama unazunguka. Vincent akakatazwa kutangaza lolote mpaka siku ya sherehe. Asubuhi ya sherehe ikaja amri nyingine: mifugo yote iondolewe karibu na uwanja, mheshimiwa asije akakanyaga mavi na vile viatu vyake. Ikafungwe mtoni, penye nyasi.

Ednah alikuwa na mbuzi sita, na hawakuwa mbuzi wa hivi hivi. Walikuwa mahari ya Mutugi, mwanawe wa pekee, aliyetaka kumwoa Kinya wa Nkubu. Mume alikufa, shemeji walikuwa wa kula tu, kwa hiyo mbuzi hao aliwalea mwenyewe mmoja mmoja. Safari ya ukweni ilikuwa imeahirishwa mara moja tayari, na wazee wa Kinya walishatuma neno kwamba wasipoona mbuzi Jumamosi hii, msichana ana wengine wanaomuulizia. Aliwafunga mtoni kama alivyoamriwa, akavaa leso ya kikundi, akaenda kuketi na wacheza ngoma.

Mheshimiwa alifika amechelewa, kama ilivyo desturi ya waheshimiwa. Padri akaomba, mzee wa kanisa lingine naye akaomba asije akaonekana ameshindwa, wageni wakatambulishwa, na waliosahaulika wakanuna mpaka wakatambulishwa upya. Hatimaye mheshimiwa akasimama kuhutubia.

Hapo Vincent akatoka ndani ya lori mbio, akainama sikioni mwa Chifu. Ednah alikuwa karibu, akasikia yote.

"Chifu, kuna nyekundu kubwa huko juu, kwa mto wenu kabisa. Niwachie maikrofoni kidogo tu, watu watoe mifugo."

Chifu akafungua ratiba yake, akapitisha kidole. "Maelezo ya mtambo yanakuja baada ya mheshimiwa. Unataka kumtangulia mheshimiwa?"

"Lakini maji yako njiani!"

"Na wewe uko kwa ratiba. Kaa chini, kijana, utaniaibisha mbele ya watu."

Ednah akainuka. Hakuwa amepiga hatua mbili askari wa Chifu akamwekea rungu mbele ya kifua. "Mama Mutugi, unaenda wapi na mheshimiwa anaongea?"

"Mbuzi zangu ziko mtoni."

"Hata zangu ziko huko. Keti."

Na akaketi. Hilo ndilo lililomchoma kuliko mengine yote: kwamba yeye, aliyemdharau Njagi miaka yote hiyo, aliambiwa keti na matako yake yakatii. Alikaa pale akimsikiliza mheshimiwa akiahidi kwamba kuanzia leo hakuna mwananchi wa hapa atakayepoteza hata kuku kwa sababu ya mafuriko. Watu wakapiga makofi. Jua lilikuwa kali, hakuna wingu, na kando ya lori Vincent alikuwa ameshika kichwa.

Makofi hayajaisha, mto ukanguruma. Hapo hata askari alisahau rungu lake, akawa wa kwanza kukimbia. Ednah alipofika ukingoni, nyasi hazikuwepo. Palikuwa na maji mekundu ya udongo yaliyobeba magogo na migomba, yakipita kwa kasi kama watu wenye shughuli zao. Hakuona hata mbuzi mmoja. Alilia kwa hasira. Huzuni ingengoja afike nyumbani.

Alirudi uwanjani. Mheshimiwa alikuwa ameshaingia garini na kutoweka kabla barabara haijakatika, bila hata kusema kwaheri. Chifu alibaki jukwaani, mkono mmoja maikrofoni, mkono mwingine kamba ya beberu mnene mwenye utepe shingoni, zawadi ya mgeni ambaye hayupo.

"Mmejionea wenyewe!" alikuwa akiviambia viti. "Mtambo umefaulu! Umeyaona mafuriko kabla hayajafika!"

Ednah akapanda jukwaani, akaishika ile kamba.

"Mama Mutugi, hiyo ni ya mheshimiwa."

"Mheshimiwa ameenda. Zangu sita pia zimeenda. Lete."

Alivuta mara moja tu, Chifu akaachia. Wacheza ngoma waliokuwa wamerudi kufuata viatu vyao wakasimama kutazama.

"Na Jumamosi unakuja na sisi Nkubu," Ednah akasema. "Utavaa hiyo kofia yako. Wale wazee wakiuliza kwa nini tumeleta mbuzi moja, mimi nitanyamaza, Mutugi atanyamaza. Wewe utasimama uwasomee ratiba."

Wanawake wakasema ndiyo, atasimama, na wao watakuwepo kumsikiliza. Chifu akakohoa. Akatazama huku na huku akitafuta askari, asimwone. Mwishowe akamgeukia Vincent, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Kijana, hebu angalia hapo kwa mashine yako. Jumamosi, hii barabara ya Nkubu... si kutanyesha sana?"

Vincent akaichukua maikrofoni kutoka mkononi mwake, kwa kuwa sasa zamu yake ilikuwa imefika.

"Chifu," akasema, na vipaza sauti vikaipeleka sauti yake mpaka ng'ambo ya mto, "mtambo huu unaonyesha mvua ya saa hii peke yake. Ya Jumamosi utaenda ujionee."