Picha Sita za Kemilembe

Placidius alipoitoa filamu kwenye maji na kuinyanyua dirishani, kwanza alidhani ni macho yake. Akaipangusa kwa vidole viwili, akaigeuza, akaisogeza karibu zaidi na mwanga. Ilikuwa nyeupe kama chemni ya taa iliyooshwa vizuri. Hapakuwa na uso, hapakuwa na bega, hapakuwa hata na ua moja la gauni. Pembeni tu, karibu na vitundu, zilionekana namba ndogo za kiwandani, nyeusi na safi, zimejipanga kana kwamba hakuna lililoharibika. Namba hizo ndizo zilizommaliza nguvu. Kama namba zimetokea, basi dawa ya kusafishia ilikuwa nzima. Hakuwa na cha kusingizia.

Akaketi kwenye kigoda mle mle kwenye chumba cha kusafishia picha, filamu ikimdondoshea maji kwenye suruali.

Huo ulikuwa mwaka 1987, na filamu zilikuwa adimu. Placidius alikuwa amebahatisha roli moja kubwa Bukoba, akawa anaikata vipande vipande gizani kwa kupapasa, kila kipande picha kumi, ili isimwishie upesi. Kipande hiki alikikata kwa mkasi butu na ncha yake ikachanika. Kwa kuwa wateja walikuwa wameshafika mlangoni na wanapiga hodi, alikichomeka kwenye kamera hivyo hivyo, akafunga. Ncha haikushika. Kamera ilipozungushwa ikahesabu moja, mbili, tatu, mpaka sita, nayo filamu imelala ndani ya kikopo chake haikusogea. Kila siku, kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa na mazoea ya kutazama kifundo cha juu ya kamera, ambacho huzunguka filamu inapovutwa, kama nacho kinazunguka. Siku ile hakutazama.

Na wateja wenyewe hawakuwa watu wa kuambiwa rudini kesho. Walikuwa mzee Apolinary wa Chonyonyo, mkewe Anatolia, na binti yao Kemilembe, aliyekuwa anakwenda kuanza utawa kwa masista. Walikuja studioni kwake Kayanga Jumamosi, na Jumatatu asubuhi binti akapanda lori na kisanduku chake. Mama alikuwa amekaa siku nzima akimsuka, mistari myembamba inayopanda kuelekea utosini, akamvalisha gauni la maua mekundu lililoshonwa kwa Pasaka. "Hizi nywele kule watazikata," alimwambia Placidius huku akizirekebisha kwa ncha ya kidole. "Ndiyo maana nimemleta kwako."

Mzee Apolinary alisimama upande wa kushoto, hatua mbili kutoka kwa binti yake, mikono nyuma.

"Baba, sogea kidogo kwa binti," Placidius alimwomba.

"Hapa panatosha."

Alimwomba tena kwenye picha ya tatu, na tena kwenye ya tano. Mzee alikuwa akitazama pazia la pembeni lenye maziwa na milima ya kuchora, kama mtu anayesubiri zamu yake ofisini.

Siku mbili baada ya filamu kutoka nyeupe ilikuwa siku ya gulio, na Anatolia akatokea studio na kikapu kichwani.

"Zimetoka, mwanangu?"

Jibu lilimtoka Placidius kabla hajalifikiri. "Bado, mama. Dawa imechelewa kuja."

"Haya. Wewe usiwe na haraka, zitengeneze vizuri." Akamwachia mkono wa ndizi mbivu mezani, akaenda zake.

Zile ndizi Placidius hakuzigusa. Kesho yake jirani yake Protase, fundi cherehani, aliingia kuazima kiberiti, akamkuta amezikodolea macho, akataka kujua kuna nini. Placidius akamweleza yote.

"Sasa hilo nalo la kukunyima raha?" Protase alisema. "Mwambie ulituma Bukoba wakaziharibu. Bukoba ni mbali, nani atakwenda kuuliza?"

"Sikutuma Bukoba."

"Najua hukutuma. Nakuambia cha kusema."

Lilikuwa wazo zuri, na ubaya wake ni kwamba lingefaa kabisa. Placidius aliligeuza kichwani jioni yote. Alijua Anatolia angeamini. Angesikitika, angewalaani hao watu wa Bukoba ambao hawapo, angemwambia pole na wewe mwanangu. Hiyo pole ndiyo aliyoona hataweza kuipokea. Tayari alikuwa amepokea "usiwe na haraka" yake, nayo ilimtosha.

Asubuhi aliikunja ile filamu akaitia kwenye bahasha pamoja na malipo yao, akapanda baiskeli. Milima ya kwenda Chonyonyo haimwachii mtu pumzi ya kutunga maneno, naye alishukuru. Kila aliposhuka kukokota baiskeli, hotuba aliyokuwa ameipanga ilimpotea, akabaki na sentensi moja tu: picha hazipo, na kosa ni langu.

Aliwakuta wote wawili uani. Mzee Apolinary alikuwa akigeuza kahawa juani kwa reki ya mti, na mama akimenya ndizi chini ya paa la jiko.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, marahaba! Karibu waitu, ndugu yetu!" Anatolia aliinuka na kisu mkononi, uso umemfunguka. "Umetuletea mpaka nyumbani? Kaa, kaa. Hebu tuone."

Placidius hakukaa. Alijua akikaa ataletewa punje za kahawa za kutafuna za kumkaribisha mgeni, ataulizwa habari za watoto, na neno litazama tena.

"Mama, picha hazipo," alisema. "Hata moja haikutokea. Filamu niliiweka vibaya kwenye kamera, haikushika, na sikuikagua. Dawa haina kosa, na kamera haina kosa. Ni mimi."

Kuku mmoja alichukua ganda la ndizi miguuni pa Anatolia akakimbia nalo.

"Juzi uliniambia dawa imechelewa."

"Nilikudanganya, mama. Siku ile nilikuwa nimeshajua. Niliogopa uso wako."

"Juzi," alisema tena, polepole, kama anayelipima neno. Kisha sauti ikampanda. "Nilikaa siku nzima namsuka yule mtoto! Mgongo uliniuma mpaka kanisani nilishindwa kupiga magoti. Sasa hivi nywele zile ziko wapi? Zimeshafagiliwa! Na gauni ameshampa binamu yake. Utanirudishia nini wewe?"

"Siwezi kukurudishia, mama." Alimnyooshea bahasha. "Malipo yenu haya hapa. Najua si hicho unachokitaka."

Hakuipokea. Alikaa chini, akafunika uso kwa ncha ya kanga, na mabega yakaanza kumtetemeka. Placidius alibaki amesimama na bahasha yake. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Hakujiandaa kwa kilio cha chinichini namna ile.

Mzee Apolinary alikuwa ameacha kugeuza kahawa. Alikuja taratibu, reki mkononi, akaichukua bahasha, akaitoa filamu na kuiinua juu kuelekea jua, akifumba jicho moja.

"Mimi niko wapi hapa?"

"Hupo, baba. Hakuna mtu."

"Hata kidogo? Hata kivuli?"

"Hata kivuli."

Mzee aliipitisha yote jichoni, kutoka ncha moja hadi nyingine. Halafu akashusha pumzi ndefu, ndefu sana, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, akakaa kwenye kizingiti cha nyumba.

"Mungu ni mwema," alisema.

Anatolia alifunua uso. "Umesema nini wewe?"

"Nimesema Mungu ni mwema. Mama Kemilembe, usinikasirikie. Ile picha nimeiogopa tangu siku tulipotoka studio." Alimgeukia Placidius. "Mwanangu, unakumbuka nilivyosimama?"

"Nakumbuka, baba."

"Nilisimama kama mtu aliyekuja kushtaki. Sikutaka aende. Nina watoto wanne wa kiume, wote wametawanyika, na binti mmoja tu, na huyo ndiye Mungu anayeniomba. Nikasema nitaonyesha kwamba sikukubali. Jumatatu alipokuja kuniaga nilimpa mkono kama ninavyompa karani wa chama cha kahawa. Akasema, 'Tata, nakwenda.' Nikasema, 'Haya.' Basi. Haya!" Alitikisa kichwa. "Lori halijafika hata mlimani nimeanza kujuta. Na tangu siku hiyo nawaza: ile picha itakuja, mama ataitundika ukutani, na kila atakayeingia humu ataona baba aliyemgeuzia mtoto wake shavu. Hata nikifa itabaki hapo ikisema. Nilikuwa nawaza niichane kwa siri. Kweli kabisa, nilikuwa nawaza hivyo."

Placidius akakaa bila kuambiwa, juu ya kinu kilicholazwa.

"Kwa hiyo nyinyi wawili mna furaha," Anatolia alisema. "Yule kaharibu, wewe unashukuru, na mimi ndiye nimepoteza peke yangu."

"Ni kweli, umepoteza," mzee alijibu kwa upole.

Labda lilikuwa jibu ambalo Anatolia hakulitegemea. Alijifuta macho, akaokota kisu, akamenya ndizi mbili nzima kabla ya kusema tena, na alipozungumza alikuwa anaiambia ndizi ya tatu.

"Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao masista wanaruhusu wazazi. Nilikuwa niende peke yangu, maana wewe ulisema hutakanyaga."

"Nilisema."

"Na sasa?"

"Sasa tutakwenda wote." Mzee akamtazama Placidius. "Na kamera."

"Nitakuja, baba. Na kazi hiyo ni yangu kuifidia."

"Na aikague mbele yangu," alisema Anatolia. "Kwa macho yangu nione inazunguka."

Siku hiyo Placidius hakuruhusiwa kuondoka mpaka ndizi zilipoiva. Mama alimpakulia bila maneno mengi, lakini alimpakulia sahani iliyojaa. Aliporudi na baiskeli aliteremka milima ile mikono imelegea kwenye breki kuliko ilivyo salama, na mara moja alijisikia anaimba.

Jumapili ile walipanda lori alfajiri, mzee amevaa koti lake la kanisani, kamera iko magotini mwa Placidius imefungwa kwenye taulo. Safari hii alikuwa ameazima mkasi mkali wa Protase, na ncha ya filamu aliikata taratibu kama anayekata kucha za mtoto mchanga. Walipofika kwenye ua wa masista, kabla binti hajaitwa, Anatolia alisogea.

"Haya, zungusha."

Placidius akazungusha. Kile kifundo cha juu kikageuka.

"Kinazunguka?"

"Kinazunguka, mama. Tazama mwenyewe."

Akaangalia kwa makini, akamtaka azungushe tena, na mara ya pili ikaliwa picha nzima bure, lakini Placidius hakuthubutu kumwambia.

Kemilembe alitoka mlangoni amevaa gauni la kijivu na kitambaa cheupe kichwani. Alipomwona mama alitabasamu. Alipomwona baba alisimama pale pale, mikono imeshikana tumboni, hajui aje au asije.

Mzee Apolinary ndiye aliyetembea. Alivuka ua wote, kwa hatua za haraka zisizolingana na umri wake, akazishika mikono yote miwili ya binti yake.

"Tata, umekuja," Kemilembe alisema.

"Nimekuja. Siku ile nilikuwa na hasira. Nimechoka nazo." Kisha, kwa kuwa hakujua la kuongeza, akauliza, "Wanakulisha?"

Binti akacheka, machozi yakimshuka, na mzee naye akacheka. Placidius alikuwa amesimama mdomo wazi, na kama Anatolia asingempiga kiwiko angesahau alichokuja kufanya. Aliinua kamera. Hakuwapanga. Hakuomba mtu asogee. Alipiga walivyokuwa, kisha akapiga mama alipojiunga nao, kisha wote watatu kwenye benchi karibu na ukuta, mzee akiwa katikati, mkono wa binti bado umo mkononi mwake.

Jumatatu saa nne asubuhi alikuwa chumbani mwake, roho juu. Alipoinyanyua filamu kutoka kwenye maji, watu walikuwemo. Wadogo, weusi kwa weupe na weupe kwa weusi, lakini wamo. Akahesabu: saba. Akahesabu upya kwa raha tu ya kuhesabu.

Alizichapa na kuwapelekea mwenyewe wiki hiyo hiyo. Mzee alichagua moja, ile ya kwanza kabisa ambayo mama hayumo na kichwa cha Kemilembe kimeinama kidogo, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Aliondoka nayo kwenda kwa wanachama wenzake wa kahawa, na walimsikia akianza kupiga kelele za salamu kabla hajafika barabarani.

Anatolia alibaki na zile nyingine mapajani. Alizitazama moja moja, akirudi kila mara kwenye ile ya benchi. Mwishowe akaweka kidole juu ya kitambaa cheupe.

"Nywele hazipo."

"Hazipo, mama."

"Zilikuwa zimetoka vizuri mno."

"Niliziona," Placidius alisema. "Zilikuwa zinapanda mistari mpaka utosini, na karibu na sikio la kulia ulikuwa umeweka mmoja uliopinda."

Anatolia aliinua macho, akamtazama kwa mshangao. Kisha akasogea kwenye mkeka, akampisha nafasi.

"Kaa basi," alisema. "Na mwingine? Ule wa katikati uliuona?"