Matangazo ya Jumapili Tatu

Sirili alikuwa katekista wa kigango kimoja huko Kilema kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukosea jina la mtu altareni. Shule aliiacha darasa la nne. Alichokuwa nacho ni utaratibu. Jina gumu, liwe la marehemu au la wachumba, alilichukua nyumbani akalifanyia mazoezi kihambani huku akichuma kahawa, mpaka ulimi ulizoee.

Kwa hiyo mwaka 1998, mwanawe Theodory alipoleta mchumba kutoka mbali, Sirili alijua kazi anayo. Binti aliitwa Dafroza Nyirahabineza. Theodory alikuwa dereva wa lori, na walikutana Ngara wakati akipeleka mahindi kwenye kambi za wakimbizi wa Rwanda. Sasa binti alikaa mjini, Pasua, kwa shangazi yake Theodory, akishona nguo. Kila Jumamosi alipanda mlimani kulala kwa wakwe zake watarajiwa na kumsaidia kazi Flavia, mke wa Sirili.

Kijiji kilimpenda upesi, na kilimjadili upesi vilevile.

"Katekista," jirani yao Primus aliuliza siku moja kwenye kilabu cha pombe ya mbege, "hivi huyu mkamwana wako ni wa wale warefu au wa wale wafupi?"

"Ni wa wale wanaojua kupika mtori."

"Usinizungushe. Nauliza kabila. Mhutu au Mtutsi?"

"Sijamuuliza. Wewe ulipooa Kibosho nani alikuuliza?"

"Waliniuliza wote. Mama yangu hakula siku mbili."

Watu walicheka, na Sirili akacheka nao. Hakuona jibu la swali hilo lingemsaidia nani.

Jumamosi kabla ya matangazo ya kwanza ya ndoa, alikuwa katikati ya mibuni, ndoo kiunoni. Alitengeneza koo, akatumia sauti yake ya kanisani.

"Dafroza Nyirahabineza."

Akarudia. Akarudia tena, safari hii bila kujikwaa. Nyuma yake kitu kikaanguka. Alipogeuka alimwona Dafroza mwenyewe, mzigo wa majani ya ng'ombe uko chini, mikono yake imeshika mgomba.

"Mbona unaniita hivyo, baba?"

"Sikuiti, mwanangu. Najifunza jina lako. Kesho nasoma matangazo."

"Unalisoma kanisani? Mbele ya watu?"

"Ndivyo ilivyo. Jumapili tatu. Halafu nasema, anayejua kizuizi amwambie paroko."

Dafroza alitikisa kichwa polepole. "Sitaweza. Ukilisoma kesho, mimi leo nashuka Pasua. Sidhani kama nitapanda tena. Theodory mtamweleza nyie akirudi safari."

Sirili alifungua kamba ya ndoo, akaiweka chini, naye akaketi kando yake. Baada ya muda binti naye akaketi.

"Kwetu majina yalisomwa kanisani," alisema. "Tulikuwa tumekimbilia humo, tukaamini wauaji hawataingia. Baba yangu alikuwa Mhutu, alikufa kabla ya vita. Mama alikuwa Mtutsi. Kitambulisho cha kwetu kiliandika kabila, na mtoto alifuata la baba. Basi wakaja, akasimama mtu na karatasi. Alimsoma mama. Mimi hakunisoma. Aliyesoma alikuwa katekista. Ndiye aliyenifundisha komunyo ya kwanza. Mimi niko hapa kwa sababu sikusomwa."

Sirili alitazama mikono yake, myekundu kwa maji ya kahawa. Katekista ndilo neno aliloitwa kila siku, na watu walipolitamka walivua kofia.

"Usishuke Pasua," alisema mwishowe. "Kesho sisomi. Ngoja niende kwa paroko."

Alitembea saa nzima kwenda parokiani na saa nzima kurudi. Jioni aliwakuta wanawake jikoni, akawaeleza. Paroko alikuwa amemsikiliza mpaka mwisho, akasema ataandika barua kwa askofu ili ndoa ifungwe bila matangazo.

"Kimya kimya, kama ameibwa?" Flavia aliuliza.

"Flavia."

"Nasema watakavyosema wao. Mimi, wakitaka wafungie ndoa hapahapa jikoni, nitahamisha kuku."

Dafroza alitabasamu kidogo, kisha akarudi kuchochea moto. Alipozungumza tena hakuwatazama.

"Baba, kwenye matangazo mnataja na wazazi?"

"Wote wawili. Hata wakiwa marehemu."

"Mama yangu aliitwa Verediana Mukarutabana. Mtu wa mwisho kulitaja jina hilo kanisani ni yule mwenye karatasi." Alisogeza kuni. "Litaje wewe, nisikie."

Sirili alilitaja. Dafroza akamrekebisha, akalitaja tena, akarekebishwa tena. Mara ya nne lilikaa sawa. Flavia naye alikuwa amelishika, ingawa yeye hakuna aliyemtaka asome chochote.

"Barua ya paroko ikae," Dafroza alisema. "Kesho soma."

Jumapili aliketi benchi la tatu, amemshika Flavia mkono. Baada ya ibada Sirili alifungua karatasi.

"Wanaotaka kufunga ndoa ni Theodory, mwana wa Sirili na Flavia wa kigango hiki, na Dafroza Nyirahabineza, binti wa marehemu Tadeo Nsabimana na marehemu Verediana Mukarutabana. Anayejua kizuizi chochote amwambie paroko."

Alingoja. Hakuna aliyesimama. Mtoto alikohoa. Flavia alikuwa amekunja uso kwa jinsi mkono wake ulivyobanwa, lakini hakuutoa. Sirili akaendelea: kina mama waje Alhamisi kufyeka majani kuzunguka kanisa. Kina mama wakaguna.

Nje Primus alimjia Dafroza, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Verediana ndiye mama yako? Aliugua?"

"Aliuawa. Kanisani, mwaka ule wa vita."

Primus aliizungusha kofia. Lilionekana swali lake la kilabuni likifika mdomoni, likakaa hapo kidogo, likarudi.

"Alikuwa mpole au mkali?"

"Mkali," Dafroza alisema. "Alitukimbiza kwa mwiko."

"Ah. Basi ni kama wangu."

Waliteremka nyumbani watatu, Flavia mbele akisugua mkono. Dafroza alipunguza mwendo mpaka akawa sambamba na Sirili.

"Baba, jina la mama umelikimbiza."

Sirili alisimama. "Nimelikosea?"

"Hujakosea. Ulikuwa na haraka tu." Alikwepa tope, akamngoja mzee naye alikwepe. "Zimebaki Jumapili mbili. Ukifika pale, usiharakishe."