Sehemu ya Pili ya Sonata

Kila Jumanne baada ya Alasiri, Bi Rukia hupangusa vibao vya piano kwa kitambaa kikavu, halafu husimama na sinia la chai penye mlango wa jiko. Nura, binti wa nyumba, huketi. Mwalimu Philip, Mkenya anayepiga kinanda kanisani Mesaimeer, mtaa wa mji huu wa Waarabu, huhesabu hadi nne, na sonata huanza.

Ni sonata ya miaka zaidi ya mia mbili, yenye sehemu tatu. Ya kwanza ina haraka na adabu, kama wageni wanaosalimiana mlangoni, mmoja akimaliza ndipo mwenzake anajibu. Ya pili ni ya polepole. Tangu Agosti Nura haipigi. Huweka mikono mapajani, vibao vikashuka vyenyewe, na kila kinachoshuka huinuka kimelowa.

"Hii si yangu," alisema siku ya kwanza.

"Basi pumzika," alijibu Philip. "Ila ya tatu usichelewe kuingia."

Maji ni ya Kendi, msichana wa Meru aliyekuwa akifanya kazi humu na Bi Rukia hadi Agosti. Aliisugua piano kwa kitambaa cha maji kama anayepiga deki.

"Dada Rukia, hii kitu ilikuwa na vumbi ya soko. Sasa cheki!"

Madamu, mama yake Nura, akampandisha paani saa sita mchana asugue tangi, ajifunze maji yanakaa wapi. Saa tisa dereva alimshusha ameloa, kichwa kinaning'inia. Wakamfunika pazia hadi usoni, wakamtia garini. Bi Rukia alikuwa akikata vitunguu. Aliona. Madamu akaandikisha polisi kwamba ametoroka.

Jumanne hii angekuja afisa wa ubalozi kuuliza habari za Kendi. Asubuhi madamu aliweka mezani pasipoti ya Bi Rukia, na juu yake tiketi ya Dar. Binti yake Bi Rukia alikuwa karibu kujifungua.

"Sema vizuri, ukamwone mwanao."

Afisa alifika sehemu ya pili imeshaanza. Alivitazama vibao, akasogeza viatu maji yasivifikie.

"Mama, huyo Kendi ulimwona akiondoka?"

Piano ilipunguza mwendo. Ilifika kwenye kituo kinachoachwa wazi kama swali, ikanyamaza, ikangoja. Tone likaanguka sakafuni. Likaanguka jingine. Philip aliinamia daftari lake.

"Alitoroka," alisema Bi Rukia.

Afisa akaandika. Nura akainua mikono, sehemu ya tatu ikaingia kwa furaha, ikiurudia wimbo wake mdogo kana kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Madamu alipiga makofi. Afisa alipokwisha kuondoka, madamu aliirudisha pasipoti kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo.

"Baada ya Ramadhani, inshallah," alisema.

Bi Rukia alivikausha vibao vyote. Magharibi ikaadhiniwa. Alipofika bombani kutia udhu, alikuta vidole vyake vyote kumi vimeshalowa. Akavifuta kwa pindo la kanga. Vikalowa tena. Alisimama kidogo akivitazama, kisha akafungua bomba, akatia udhu juu ya maji yale.