Mume na Mke Si Kundi

Regis Hudak alikuwa na uchovu ule ambao usingizi hauutibu. Alikuwa akilehemu rejeta za magari katika gereji ya Emil Sopko tangu alipokuwa na nywele, na mapafu yake yalikuwa yameuzoea moshi wa tindikali kama mtu anavyomzoea jirani mwenye kelele. Halalamiki tena, ila hajasahau. Magoti yalikuwa yamekwisha. Wateja pia walikuwa wanakwisha, maana siku hizi rejeta ikitoboka watu huitupa na kununua ya plastiki. Waliobaki walikuwa wakulima wenye matrekta ya zamani na wendawazimu wachache wenye magari ya babu zao.

Kwa hiyo shule ya wilaya ilipomwita kwenda kuangalia maboila ya kupashia madarasa joto, Regis hakuhitaji kushawishiwa. Ilikuwa kazi ya jioni, yenye joto, pensheni, na kiti cha kukalia. Alikuwa ameiomba miaka kumi iliyopita, na mtu aliyeishikilia alikuwa amekataa kufa wala kustaafu. Sasa amestaafu.

Asubuhi hiyo Emil alikuwa amezamisha rejeta ya trekta kwenye tangi la maji, anaitia upepo na kutazama mapovu yanatokea wapi.

"Mzee," Regis akasema, "shule wamenichukua."

Emil hakuinua kichwa. "Wamekuchukua wapi?"

"Kazi ya maboila. Naanza Jumatatu ijayo."

"Povu hili hapa." Emil alielekeza kidole. "Linatoka pembeni. Umeliona?"

"Nimeliona. Wewe umenisikia?"

"Masikio yangu hayajafa." Akazima upepo. Maji yakatulia. "Vizuri. Umestahili. Nipe waya wa kulehemu."

Basi, ikawa hivyo tu. Regis alikuwa amejiandaa kwa matusi. Emil alikuwa mtu wa kumrudishia mteja rejeta yake na tundu lake kwa sababu mteja amelalamikia bei, na spana yake ilikuwa imeruka hewani mara nyingi. Sasa akawa mpole, na upole huo ulimtia Regis wasiwasi siku nzima.

Jibu alilipata Ijumaa, kwenye ukumbi wa zimamoto, alikokwenda kula samaki wa kukaanga kama wengine wote wakati wa Kwaresima. Hata hajakaa vizuri, Merle Tuttle, wakala wa bima, akaja na sahani yake na kuketi mbele yake bila kukaribishwa.

"Hudak! Nasikia umeliua kundi."

"Kundi gani?"

"La bima. Pale gerejini mko wangapi kwenye bima?"

"Watatu. Mimi, Emil na Arlene."

"Ukitoka wewe?"

"Wawili. Hesabu gani hiyo, Merle? Kula samaki wako."

"Siyo wawili. Sifuri." Merle alijipangusa mafuta mdomoni. "Sikiliza. Bima ya kundi inataka kundi, na sheria inasema mwenye duka na mke wake si kundi. Hao ni nyumba. Lazima awepo mfanyakazi mmoja ambaye si mwenye mali wala mke wa mwenye mali. Huyo ni wewe. Miaka yote hii, bwana, wewe ndiye kundi."

Regis aliweka uma chini. Arlene, mke wa Emil, alikuwa na saratani ya damu. Kila baada ya wiki mbili Emil alifunga gereji na kumpeleka Pittsburgh kwa daktari mmoja aliyemjua mgonjwa wake kuliko padri anavyomjua. Dawa aliyotundikiwa bei yake ilikuwa ya nyumba.

"Si umuuzie bima nyingine?"

"Ninazo. Bima ya mtu binafsi inayopatikana wilaya hii haimlipi yule daktari. Atapewa mwingine, aanze naye upya. Na wewe unajua Arlene hana muda wa kuanza na mtu upya."

"Basi Emil aajiri mtu."

"Ameweka tangazo. Alikuja kijana mmoja, akanusa tindikali, akaomba kwenda chooni. Mpaka leo yuko chooni."

Regis hakumaliza samaki. Alikumbuka nyongeza ya mshahara wakati wa Krismasi, na ile hita mpya Emil aliyoifunga karibu na meza yake bila kuombwa. Alikuwa amedhani mzee ameanza kuota moyo uzeeni. Kumbe alikuwa analisha kundi.

Jumamosi akaenda nyumbani kwa Sopko amejaa hasira, na hasira ikaishia kwenye ngazi za mbele, kwa sababu magoti yaliuma na mlango ulifunguliwa na Emil mwenyewe, ameshika taulo la kufutia vyombo.

"Ulijua," Regis akasema.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Usiondoke, Regis, mke wangu atakufa? Huko si kumwomba mtu. Huko ni kumfunga kamba shingoni." Akapisha mlangoni. "Ingia. Unaingiza baridi."

Merle alikuwa keshafika, yuko jikoni. Arlene alikuwa amekaa mezani na kitambaa kichwani, amekonda hadi mikono ikabaki viwiko tu, lakini ulimi wake haukupungua hata ratili moja. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria ya kabichi na tambi za siagi.

"Huyo hapo, kundi letu," Arlene akasema. "Karibu, kundi. Chukua sahani."

"Shemeji, sikujua."

"Ningeshangaa ungejua. Wewe husomi hata maelekezo ya dawa ya kikohozi. Kaa. Hongera ya kazi. Ukiikataa kwa ajili yangu nakuchoma kwa uma huu."

Wakaanza kula. Walizungumza nani aajiriwe mpaka maneno yakaisha. Binamu wa Emil alikuwa mlevi. Mpwa wa Arlene alikuwa na kazi yake. Kumwandika mtu jina tu bila kufanya kazi, Merle alisema, hakuwezekani. Wakaguzi wakikuta jina lisilo na mtu wanafuta bima tangu mwanzo na kudai kila senti waliyolipa. Saa thelathini kwa wiki, jasho la kweli. Mwisho Merle, ambaye hawezi kuvumilia kimya, akacheka.

"Labda mwachane tu. Mkiachana, Arlene anakuwa mfanyakazi kama mwingine yeyote. Sheria haiulizi mnalala wapi."

Alicheka peke yake. Arlene aliweka kijiko kando ya sahani, taratibu.

"Inachukua muda gani?"

"Arlene," Emil akasema.

"Nimemuuliza Merle."

"Kama hamgombani? Mnapeleka ombi mahakamani, mnangoja miezi mitatu, kisha wote wawili mnaweka sahihi. Lakini mimi nilikuwa natania, mama."

"Mimi sitanii. Nimeshika vitabu vya hesabu vya gereji ile bure tangu tuoane. Ni wakati nilipwe."

Emil alisimama. "Tulisimama mbele ya Padri Stefan, mimi na wewe. Mbele ya mama yangu."

"Padri Stefan amekufa, Emil. Mama yako amekufa. Mimi bado."

Emil alichukua koti akatoka. Wakamsikia akipasua kuni nyuma ya nyumba, ingawa nyumba ile ilipashwa moto kwa gesi na kuni zilikuwa za kambi ya kuwinda kulungu tu.

Regis alitazama sahani yake. Yeye aliwahi kuachwa, talaka ya kweli yenye chuki ndani yake, na hata hivyo karatasi ilipokuja aliiweka mezani wiki nzima bila kuigusa. Alifungua mdomo kabla hajafikiri. Laiti angefikiri, angeufunga.

"Peleka ombi, shemeji. Nitafanya kazi zote mbili mpaka litoke. Asubuhi gerejini, jioni shuleni. Bima ya shule itangoja, nitabaki kwenye ya kundi."

"Utakufa."

"Miezi mitatu? Nimewahi kuwa na mafua marefu kuliko hayo."

Ikawa hivyo. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa gerejini, saa nane alitoka, saa tisa alikuwa shuleni mpaka saa tano za usiku, kisha kitandani na viatu. Wiki za mwanzo alijisifu. Baadaye akanyamaza. Alianza kula mkate akiwa amesimama, maana akikaa analala. Alisahau siku ya kuzaliwa ya binti yake. Mwalimu mmoja alimkuta amelala ameegemea ukuta wa chumba cha boila na akamfunika koti lake, na aibu ya koti lile ilimkaa Regis kuliko kama angefukuzwa.

Miezi mitatu ikaisha. Arlene akaweka sahihi. Emil hakuweka.

Hakukataa. Alisema kesho. Alisema kalamu haiandiki. Alisema atakwenda kwanza kuzungumza na padri mpya. Akaenda, na padri akamwambia kwamba karatasi ya mahakama haivunji kitu alichofunga Mungu, yeye atabaki mume. Emil akamjibu kwamba Mungu hauzi bima. Akarudi, asiweke sahihi. Karatasi ikakaa nyuma ya kalenda ofisini, ncha yake ikichungulia, na kila Regis alipoingia kuchukua glavu aliiona.

"Emil," alisema siku moja, "ile karatasi."

"Kesho."

"Mimi siwezi kesho nyingi."

"Nimesema kesho!" Na spana ikaruka ukutani, kama zamani. Regis karibu afurahi.

Mwezi wa nne wa kazi mbili ulipokuwa unakatika, alikuwa analehemu rejeta ya lori, tochi ya gesi mkono wa kulia, kushoto ameshika kingo. Hakujua kwamba amelala. Alijua tu kwamba ameamshwa na harufu, na kwamba harufu ilikuwa ya mkono wake.

Emil alifika kabla hajapiga kelele. Aliipiga tochi teke, akamshika kifundo cha mkono, akauzamisha kwenye tangi la kupimia, maji baridi mpaka kiwiko. Mapovu madogo yakapanda kutoka kwenye mkono wa shati. Wote wawili wakayatazama, kwa mazoea, kama watu wanaotafuta tundu.

"Hulali," Emil akasema.

"Nalala. Umeniona nalala sasa hivi."

"Mjinga."

"Ndiyo."

"Usife kwa ajili ya mke wangu, Regis. Hiyo ni kazi yangu mimi." Hakuuachia mkono. Uso wake ulikuwa karibu, na Regis akaona jinsi mzee alivyozeeka, mvi zinatoka mpaka masikioni. "Unajua nimekuwa nikifanya nini? Nimekuwa nikikutumia wewe ili nisiweke sahihi. Kila siku ukija, najiambia, si lazima leo. Amekuja."

"Ndiyo maana nakuja."

"Najua. Nyamaza. Usiutoe mkono majini."

Akajifuta mikono kwenye suruali, akaingia ofisini. Regis alisikia kalenda ikianguka. Alisikia droo, kisha droo nyingine, kisha tusi la Kislovakia, lugha ya nyumbani kwao, ambalo mama yake Emil asingelipenda.

"Hii kalamu kweli haiandiki!"

"Kuna penseli sikioni kwako."

"Talaka haiandikwi kwa penseli, mpumbavu wewe!"

Alipata kalamu kwenye gari. Sahihi ilitoka na alama ya dole la grisi kando yake, na mahakama haikulalamika.

Hukumu ya talaka ikaja kwa posta katikati ya kiangazi. Jumatatu iliyofuata Arlene alifika gerejini, amevaa aproni ya Regis iliyomzunguka mara mbili. Kazi yake ingekuwa vitabu, simu, na kukaa kwenye kiti karibu na tangi kutazama mapovu, kazi isiyohitaji nguvu ila subira. Regis alikuja na mkono wake wenye bandeji kumwonyesha kazi, kisha aende zake. Ilikuwa siku yake ya mwisho.

"Haya, shemeji, ukifungua upepo—"

"Shemeji wa nani? Mimi ni mwanamke asiye na mume. Niite Bi Arlene."

"Bi Arlene mchelewaji," Emil akasema kutoka chini ya trekta. "Kazi inaanza saa kumi na mbili."

"Nikate mshahara."

"Nitakukata."

"Kata. Halafu leo ujipikie."

Merle alimpigia Regis simu mchana kusema kundi limekubaliwa, watu wawili, halali, mpaka mwakani watakapokagua tena. Regis akasema vizuri. Alidhani atasikia kitu kikimtoka mabegani, lakini mabega yalikuwa vilevile.

Saa nane Arlene alikuwa mweupe kama karatasi, ameshika ukingo wa tangi kwa mikono miwili, macho bado kwenye maji. Emil alimtazama mara moja, akazima taa, akageuza kibao cha mlangoni. Saa alizopungukiwa angezifidia kwa vitabu mezani pake jikoni, Emil akasema. Huko nako ni kazini, kama alivyokuwa akifanya siku zote bila mtu kuhesabu.

Nje alimfungulia mlango wa gari. Pete yake ya ndoa ilikuwa bado kidoleni. Hakuna sheria iliyoiuliza.

"Mwajiri hamfungulii mfanyakazi mlango," Arlene akasema.

"Ingia, mwanamke. Jua kali."

Aliingia. Emil alilizunguka gari, akasimama kidogo, akamwinulia Regis mkono, si sana. Regis akainua ule wenye bandeji. Kisha akapanda kwenye pikapu yake, akakumbuka kwamba shule haimtaki mpaka saa tisa, akashusha vioo, na akalala papo hapo, kwenye uwanja wa gereji iliyofungwa, mdomo wazi.